Jina la Kivuli

Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitungia insha na kupata alama nzuri, lakini sikuielewa hadi siku nilipoketi na babu yangu ukingoni mwa hori ya Mida, karibu na Watamu, mbele yetu darubini niliyoinunua kwa shilingi 4,500.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikitafiti majina ya Kiswahili ya ndege wa pwani. Kamusi zetu, pamoja na ubora wake wote, aghalabu zikimfikia ndege hutosheka na maneno "aina ya ndege". Kitwitwi ni nani hasa? Je, ni ndege mmoja, au ni jina la jamii nzima ya ndege wadogo wakimbiao matopeni maji yakipwa? Na sululu je? Niliona kuwa maswali haya hayawezi kujibiwa maktabani. Nilimwendea babu, aliyevua samaki katika hori hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, nikamwonyesha picha zilizochorwa vitabuni. Alizigeuzageuza, kisha akacheka.

"Mjukuu wangu, huyu wa karatasi hatembei wala halii. Mimi nawajua kwa mwendo wao."

Maneno hayo yalikuwa somo kamili la semantiki. Kitabu huainisha ndege kwa manyoya. Mvuvi humwainisha kwa mwendo, sauti na wakati anapotokea. Ilinibidi basi nimwonyeshe ndege mwenyewe, akiwa hai. Lakini maji yanapokupwa Mida, ndege husogea mamia ya mita ndani ya matope, na macho ya babu yalikuwa yamekwisha kuchoka. Ndipo nilipokimbilia darubini.

Niliinunua Nairobi, kwenye duka dogo, bila kuuliza mengi. Sanduku lake liliandikwa kwa herufi kubwa kuwa darubini hiyo hukuza mara 100. Iliambatana na stendi ya plastiki yenye miguu mitatu isiyofika hata gotini. Mwezi wa Januari tuliiweka juu ya ngalawa iliyopinduliwa ufuoni, upepo wa kaskazi ukivuma. Kila upepo ulipopita, dunia nzima ilitikisika ndani ya lenzi. Babu alifumba jicho moja, akachungulia, akangoja.

"Naam. Kitwitwi," akasema. Nikaandika.

Nikaisogeza darubini kidogo. "Kitwitwi tena," akasema. Nikaandika. Tuliendelea hivyo kwa siku mbili, nami nikajaza majina 14 daftarini. Alasiri ya siku ya pili, nilichungulia mara tu babu alipotoa jicho lake, kabla ya kuigusa darubini. Kilichokuwa katikati ya lenzi hakikuwa ndege. Kilikuwa kisiki cha mkoko, kikitetemeka katika mvuke wa joto.

"Babu, umemwona kweli?"

Alinyamaza kitambo. "Nimeona umetoka mbali, na pesa zako umetumia. Sikutaka kukuvunja moyo. Lakini hapa, mjukuu wangu, waniuliza jina la kivuli."

Usiku ule nilifuta majina 11 kati ya yale 14. Kilichonitia hofu hakikuwa aibu, bali kwamba nusura niyapeleke chuoni. Yangechapwa, yangenukuliwa na wenzangu, na visiki vya mikoko vingeingia katika leksikoni ya Kiswahili vikiitwa vitwitwi.

Asubuhi yake nilimpata kijana mmoja wa hapo anayewaongoza watalii kutazama ndege. Aliniruhusu kuchungulia darubini yake. Nilimwona ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, akimrarua kaa. Ndege hao ndio fahari ya Mida, nao huja kutoka fuo za Uarabuni na Pembe ya Afrika, ambako huzaliana ndani ya mashimo wayachimbayo mchangani. Niliuhesabu kila unyoya. Kisha akanifunza hesabu ambayo ningepaswa kuijua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Darubini huandikwa tarakimu, mathalani 15–45×60. Tarakimu za kwanza hueleza inakuza mara ngapi. Ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya kipenyo kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 60 ikikuza mara 15 hutoa mwali wa milimita 4. Ikikuza mara 45, mwali hupungua hadi milimita 1.3 hivi, na picha huanza kuwa ya giza. Darubini yangu ilikuwa na lenzi ya milimita 50. Kwa mara 100 iliyojigamba nazo, mwali wake ulikuwa wa nusu milimita! Isitoshe, kinachomkuza ndege hukuza pia mtetemo wa upepo na mvuke wa matope. Kwa kazi nyingi za ufuoni, ukuzaji wa mara 20 hadi 30 hutosha.

Nilirudi chuoni, nikajinyima muhula mzima. Darubini mpya za milimita 80 zilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu, nazo ni nzito kwa mtu atembeaye kwa miguu. Niliamua kutafuta ya milimita 60 iliyokwisha kutumika. Nilitaka yenye lenzi ya jicho iliyoinama, ili babu aliyepinda mgongo achungulie akiwa ameketi, nami nifuate bila kuipandisha stendi. Nilitaka isiyopenya maji, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi. Tena, maadamu babu huvaa miwani, nilitaka ile inayoonyesha picha nzima hata jicho likiwa mbali kidogo na kioo, kiasi cha milimita 15 au zaidi.

Nilipoipata, sikuikubali ndani ya duka. Niliitoa nje, nikaielekeza kwenye bango la mbali na kulisoma kwa ukuzaji mdogo, kisha kwa mkubwa. Niliangalia kama herufi zina kingo za zambarau, nikaitikisa kusikiliza kama kuna kilicholegea, nikamulika lenzi kutafuta nyuzi nyeupe za ukungu. Nililipa shilingi 19,000.

Safari hii sikuidharau stendi. Mpiga picha mmoja aliniuzia ya alumini, ya kamera ya video, kwa shilingi 6,500: miguu minene, na kichwa chenye mpini unaogeuka taratibu bila kurukaruka. Nilijifunza kuitanua miguu yake, kutoipandisha nguzo ya katikati ila kwa dharura, na kuning'iniza mfuko wa mchanga chini yake upepo ukizidi. Jioni huifuta kwa maji baridi, kwani chumvi haina huruma.

Tulirudi ufuoni mwezi wa Novemba, asubuhi, jua likiwa mgongoni mwetu. Tuliyangoja maji yajae, kwa kuwa maji yajaayo huwasukuma ndege kuja karibu, na hiyo ni huduma isiyouzwa dukani. Babu aliketi kwenye kigoda, akainamia lenzi. Kimya kirefu.

"Lo! Huyu ana michirizi kichwani! Ndiye sululu. Na yule pale, asiye na michirizi, naye ni sululu, ila ni mkubwa wao."

Alitaja, akakataa, akajisahihisha. Kitwitwi, kwake, lilikuwa jina la wengi kweli, lakini si la wote. Alipomwona mmoja mdogo mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, akikimbia huku na huko, alitikisa kichwa.

"Huyu si kitwitwi. Namjua huyu, mwendo wake ni wa mtu aliyechelewa. Jina lake alilijua marehemu baba. Mimi limenitoka."

Niliandika majina tisa siku ile. Kwenye safu ya kumi nilimchora ndege mwenye mdomo uliopinda juu, na mbele yake nikaacha nafasi tupu.

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi tunajadili nadharia za uainishaji na kusahau kuuliza iwapo msailiwa wetu anakiona tunachomwuliza. Mzee wa heshima hatakwambia kuwa chombo chako ni kibovu. Atakupa jibu ili usirudi mikono mitupu. Kwa shilingi 4,500 nilipata majina 11 yasiyo na ndege. Kwa shilingi 25,500 nilipata tisa yenye ndege, na nafasi moja tupu. Babu bado anaitafutia jina. Kila nipigapo simu, baada ya shikamoo na marahaba, huniambia, "Bado, mjukuu wangu. Lakini liko karibu."