Damu niliyoiona kwenye simu

Mwezi wa nane 2019, Ebola ilipothibitishwa huko Mwenga, wilaya inayopakana na Fizi yetu, simu yangu ilijaa picha. Moja ilionyesha mtu amelala mkekani, picha yenye ukungu, na chini yake maandishi: Ebola imefika Baraka. Niliikuza. Nikaona damu mdomoni.

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya habari wakati dada mmoja jirani, anayefanya kazi ya maabara, alipoichukua simu. «Yaya, damu iko wapi? Bila haya maandishi ungeiona?» Nilikosa jibu. Doa lile lilikuwa pindo la kitenge. Mgonjwa tulikuja kumjua: baba wa watu, alikuwa na malaria. Ningeitoa habari ile, nani angekubali tena kuteka maji pamoja na mke wake?

Baadaye nilisoma jinsi wataalamu wanavyochagua picha za hadubini ya elektroni, nikakuta wanaogopa kosa langu lilelile. Hadubini hiyo inaona virusi, ambavyo ile tunayopimiwa malaria haiwezi kuviona. Lakini elektroni zinaharibu kile kinachopigwa picha, kwa hiyo zinatumwa chache, na picha inatoka na chengachenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Basi wanapiga maelfu, na kompyuta inazipanga na kuziunganisha hadi umbo litokee.

Kutupa mbovu si kazi kubwa: hii ilitikisika, hii barafu yake ni nene mno. Hatari ni kuipa kompyuta sura unayoitarajia na kuiambia iitafute. Itakuletea. Mwaka 2013 Richard Henderson wa Uingereza, aliyepata Nobel 2017 pamoja na wenzake wawili, aliwaonya wenzake: chukua picha 1,000 za chengachenga tupu, zipange kwa kufuata picha ya Einstein, uziunganishe. Einstein anatokea, na nywele zake! Ndiyo maana wanagawa picha zao mafungu mawili, kila fungu linashughulikiwa peke yake, kisha wanalinganisha. Kinachoonekana kote kuwili ndicho wanachokiamini.

Hata picha safi inaweza kukupoteza. Mwaka 1976 damu ya mgonjwa wa Yambuku ilisafirishwa ndani ya termosi mpaka Antwerp, Ubelgiji. Hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi kirefu kama mnyoo, sawasawa na kile cha Marburg. Macho yangeishia hapo. Ni vipimo vya kinga ya damu vilivyoonyesha kwamba ni kirusi kingine, kipya, kikaitwa Ebola.

Siku hizi picha ikiingia naziba maandishi kwa kidole gumba, naandika kwanza ninachokiona, halafu napigia simu watu wawili walioko huko, kila mtu kwa wakati wake. Habari zangu zinachelewa, na wengine mnanilalamikia. Yule dada naye bado ananitania: kila tukikutana anauliza kama kitenge kimepona.