Barafu yetu iko Ohio

Jana nilikatiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikamkuta jamaa niliyesoma naye chuo. Yeye jiolojia, mimi uandishi. Sasa anauza vitenge. Kanionyesha tangazo kwenye simu: ufadhili kwa watafiti vijana wa barafu, mwisho Ijumaa. Ila nauli ujilipie kwanza, utarudishiwa baadaye.

"Kaka, nijilipie na nini?"

Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro, wakabeba vipande sita virefu hadi Ohio, Marekani. Walikadiria ya chini kabisa ina miaka 11,700. Iliyobaki mlimani inayeyuka, na mwenye kuisoma anakunja vitenge.

Fomu katuma. Nauli tunachangishana. Nawasilisha.