Fungueni Daftari Kabla ya Spana

Wazee wa rika langu huku Kitengela, Kajiado, wana hukumu moja kwa kijana anayenunua Peugeot 504 na kuipachika injini ya Toyota: ameiua. Kijana naye ana jibu lake: niliikuta maiti, nimeifufua. Nimewasikia wakibishana hivyo kwenye gereji za kando ya barabara ya Namanga, nje ya makanisa, hata matangani, na kila upande huondoka ukiamini umeshinda. Mimi naona wanagombania injini ilhali kilicho hatarini ni kingine, yaani ujuzi wa gari lenyewe. Ujuzi huo haumo kwenye chuma cha zamani wala kipya. Umo kwa watu, na watu hao wanazeeka.

Ubishi huu una makao yake Marekani, kwenye magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa ya silinda nane ndani ya bodi ya wastani, akina Pontiac GTO na Ford Mustang. Huko, gari ambalo injini yake bado ndiyo ile liliyotoka nayo kiwandani huthaminiwa kuliko lililobadilishwa, na wanunuzi hulinganisha namba kwa tochi. Kwetu magari hayo ni machache mno, kwa kuwa usukani wake huwa kushoto na sheria yetu inautaka kulia. Hata hivyo, moja lilituonyesha kazi: mwaka 2009 dereva Ian Duncan alishinda mbio za East African Safari Classic kwa Mustang. Hiyo Mustang ilikuwa imeandaliwa kwa mashimo na mawe ya Afrika Mashariki. Ingekuja kama ilivyotoka Detroit, isingemaliza siku ya kwanza.

Rika langu lilipima misuli ya gari kwa namna nyingine. Mbio za magari za Safari zilikuwa za Pasaka, wakati wa masika, na mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwenye Peugeot 404. Baadaye Datsun 240Z ikachukua 1971 na 1973, Peugeot 504 ikachukua 1975, na Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Kijana wa Kajiado wa siku zile hakuuliza gari linakimbia kilomita ngapi kwa saa. Aliuliza kama lilivuka udongo mweusi wa Kaputiei mvua ikinyesha bila kuvutwa na trekta.

Hapa ndipo hoja ya wazee wenzangu inapoanza kuvuja. Wanayalilia magari halisi kana kwamba waliwahi kuwa nayo. Joginder huyohuyo tunayemwimba alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla haijafika mikononi mwake. Alikuwa fundi, na alijua la kukaza na la kubadilisha. Sisi tusio na jina tulifanya vivyo hivyo kwa viwango vyetu. Tulifunga bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue tangi la oili. Pikapu ya kupeleka mbuzi mnada wa Ilbissil iliongezewa majani ya springi mpaka ikasimama kama farasi. Zile Pijo, yaani Peugeot, za abiria za Nairobi hadi Nakuru na Nairobi hadi Namanga, zilizotengenezwa kwa watu saba, zilipata viti ambavyo Ufaransa haikuvijua. Maji ya visima vya huku yana chumvi, hivyo aliyekosa subira ya kukinga maji ya mvua aliona rejeta ikiziba, akafunga ya gari jingine kubwa zaidi. Kabla ya hawa vijana kuzaliwa, 504 ya Kajiado ilikuwa imeshakuwa gari la Kajiado.

Tena nyingi za 504 tulizoendesha ziliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni hiyo mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea na 504 hadi 2004. Baadhi ya sehemu, kama betri na springi za majani, zilitoka viwanda vya hapa nchini. Sasa anayedai uhalisi atuambie ni upi: wa Sochaux kule Ufaransa au wa Mombasa?

Wakubwa wa mambo haya duniani wana kipimo chao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linasema gari la kale liwe limetimiza angalau miaka 30, limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Hilo la tatu hunichekesha. Ukilifuata, pikapu ya 504 inayoshusha marobota ya nyasi Isinya kila asubuhi si urithi wa mtu yeyote, ilhali ile iliyofunikwa turubai kwa matajiri wa Karen ni urithi wa dunia. Hapa kwetu gari lilibaki hai kwa sababu lilikuwa na kazi. Lililokosa kazi lilipimwa kwa kilo.

Na hili la kilo ndilo wazee hawapendi nilitaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la magari lilipofunguliwa, mitumba ya Japani ikaingia kwa wingi, na Pijo zikaanza kuonekana ushamba. Wenye nazo walizisukuma nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo, kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Athi River, mwendo mfupi kutoka hapa Kitengela, kuna viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu na kutoa nondo za ujenzi. Sitashangaa nikiambiwa ziko 504 ndani ya nguzo za ghorofa hizi zinazoota mjini kila mwezi. Ikiwa tunamtafuta muuaji, tusianze na kijana wa injini ya Toyota. Tuanze na rika lililopokea noti na kuonyesha lori mahali pa kugeuzia.

Hasara hiyo haina fidia. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, hivyo 504 iliyopo ni ile iliyonusurika. Kijana anayeikuta Ngurumani au Mashuru bila injini, viti vimeliwa na panya, ana njia mbili tu: aiache ioze au aitilie mashini anayoweza kuipata. Ya Toyota ina spea Barabara ya Kirinyaga siku yoyote, na fundi wa kila kituo anaijua. Siwezi kumlaumu kwa hesabu hiyo, maana ndiyo tuliyoipiga sisi tulipokuwa na miaka yake.

Lakini vijana nao nina neno nao, tena zito.

Injini ya kabureta ya 504, ya lita mbili kasoro kidogo, haikufikisha nguvu za farasi 100, na breki zake ziliundwa kusimamisha nguvu hiyo. Kijana akipachika injini yenye nguvu mara mbili huku akiacha breki zilezile, hajaunda gari. Ameunda msiba unaosubiri mteremko. Anayeanza na injini badala ya breki hajui anachokifanya, hata kama muungurumo wake unasikika mpaka Kisaju.

Halafu kuna lile bomba. Kwenye Pijo, mtaimbo unaopeleka mzunguko nyuma hauko wazi kama wa Toyota. Umefunikwa ndani ya bomba lililofungwa kwa bolti kati ya gia na difu, na bomba hilo husaidia kuzuia difu isijipinde gari linapovuta. Ndiyo sehemu ya siri ya utulivu wake kwenye barabara ya makorongo. Mafundi wengi wakileta injini ya kigeni hulikata kwa gesi mara moja, kwa kuwa halikubaliani na gia mpya. Ukiwauliza lilikuwa na kazi gani, wanainua mabega. Injini yenyewe ililazwa upande kwa makusudi ili boneti iwe chini, na wao hudhani fundi fulani aliipinda. Kisha ile ya zamani huuzwa kwa wenye mizani, nyaya hukatwa bila kuwekewa alama, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, haiambiwi, hivyo logibuku inabaki ikitaja injini ambayo imeshageuka nondo. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kubadilisha usichokijua na kufuta njia ya kurudi.

Na wangejifunza kwa nani? Wenyeji wa nchi hii, Wamaasai, wana utaratibu ambao ningependa gereji zetu ziuige. Rika la morani halilelewi na rika lililo juu yake moja kwa moja, kwa sababu hao wawili ni washindani. Hulelewa na rika la juu zaidi, linaloruka moja, wale wazee wa olpiron ambao huwawashia vijana moto na kubeba lawama yao wakipotoka. Kwa magari imetokea hivyohivyo bila sherehe. Rika lililotufuata lilikulia kwenye Corolla na Probox, halikurithi kabureta wala pointi za kuwashia cheche, na halina la kusema kuhusu Pijo. Vijana wa leo wameliruka, wakatujia sisi. Nasi, badala ya kuwasha moto, tumesimama langoni kuzomea.

Nionavyo mimi, 504 iliyofika leo ikiwa nzima, na injini yake, na rangi yake ya kwanza hata kama imechujuka, isiguswe ila kwa matengenezo. Hizo zibaki ili wengine wajue kitu kilikuwaje, na nafurahi zinapopelekwa Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, mahali waamuzi huchungulia mpaka uvunguni. Zilizokwisha kuvuliwa nguo zipewe maisha mapya, ila kwa bolti badala ya msumeno pale inapowezekana. Mkataba wa Turin ambao FIVA iliupitisha mwaka 2012 unasema jambo linalofanana na hilo: badiliko liweze kurudishwa, tena liandikwe. Hapo wakubwa hao na mimi tunapatana.

Kuandika hakuhitaji fedha. Kabla spana haijagusa bolti ya kwanza, kijana apige picha, achore nyaya, aandike namba ya injini na alikoiweka. Mzee naye alete kile kitabu cha ufundi kilichojaa grisi kabla wajukuu hawajakichana kuwashia jiko, aketi kwenye kigoda pale gereji, aulizwe, ajibu, arekodiwe kwa simu. Wenzangu watasema hakuna aliyewaita. Olpiron hangoji kadi ya mwaliko.

Ndiyo maana siku hizi nikiingia kwenye gereji ya kijana siulizi injini ni ya kampuni gani. Nauliza breki, nauliza ile injini ya kwanza iko wapi, nauliza daftari. Mwenye majibu hayo matatu nitamtetea mbele ya mzee yeyote wa Kajiado, na asiye nayo nitamwambia arudishe gari kwenye mawe mpaka ayapate.