Reli Iliyoupita Mji

Msomaji, ukiifuata reli ya zamani katika ramani, kutoka Mombasa kwenda Nairobi, utakutana na Kiu, Ulu, Konza na Athi River. Mji wa Machakos hutauona njiani. Reli ilipita kusini, katika mbuga za Kapiti, ikauacha mji nyuma ya vilima vyake. Historia ya reli ya Machakos, basi, ni historia ya reli isiyofika. Nayo ina mafunzo.

Kabla ya reli, Machakos ilikuwa na cheo. Misafara iendayo Uganda ilipumzika hapa na kununua chakula. Mwaka 1892 John Ainsworth alikuja kukisimamia kituo cha Kampuni ya Kiingereza, na baadaye mji ukawa makao ya serikali katika jimbo la Ukamba. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Mei 1899 ilifika Nairobi, mahali palipokuwa uwanda wa majimaji usio na mji. Mwaka huo huo Ainsworth aliifuata, na makao ya serikali yakahama pamoja naye. Machakos haikushindwa vitani wala haikuteketea kwa moto. Ilishuka cheo kwa sababu wapima njia waliona uwanda ni rahisi kuliko kilima.

Huenda ukadhani kuwa asiyepitiwa na reli hapati faida wala hasara yake. Sivyo. Kiwanda cha nyama kilijengwa Athi River, kando ya reli, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo. Mwaka 1938 serikali, ikisema kwamba mifugo inaharibu ardhi, iliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao. Lakini ng'ombe walikuwa akiba ya mtu, mahari ya wanawe na heshima yake. Wake kwa waume, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, wakitaka kuonana na Gavana. Muindi alihamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutumia nguvu.

Masimulizi ya Wakamba yasema kwamba mwaguzi Syokimau alitabiri kuja kwa joka refu litemalo moto na moshi. Mwaka 2012 stesheni yenye jina lake ilifunguliwa, na mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa ilianza kazi. Hiyo nayo haikufika mjini Machakos.

Wanafunzi wangu hupenda kubishana kama kweli Syokimau aliliona gari moshi. Mimi huwaelekeza kwenye swali lenye manufaa zaidi, nawe msomaji nakuachia lilo hilo. Joka lipitapo, usistaajabie moshi wake tu. Uliza limebeba nini tumboni, limekitoa kwa nani, na linampelekea nani.