Dawa ya Baridi Katika Jua la Orlando

Mtoto mwenye kisukari naye hupenda bembea. Julai iliyopita tulimpeleka wetu Magic Kingdom, huko Orlando, Marekani. Jua lilikuwa kali, na insulini iliyopata joto hupoteza nguvu, sukari ikapanda mtoto akiwa mbali na daktari wake.

Ndani ya ndege tuliibeba mkononi, maana tumboni mwa ndege huweza kuganda, na iliyoganda hutupwa. Hotelini tuliweka chupa mpya katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu siku 28 hivi chini ya nyuzi 30. Kwa matembezi tuliifunga kwa taulo ndani ya kikasha cha barafu, isiiguse.

Mwisho wa Main Street, karibu na mkahawa wa Crystal Palace, pana chumba cha huduma ya kwanza chenye jokofu la dawa za wageni. Humo tuliacha chupa ya akiba. Adhuhuri tukampima, tukamchoma sindano, akala, akakimbilia foleni ya Dumbo.

Akina mama, kisukari kisimnyime mtoto matembezi. Ulizeni kwanza jokofu liko wapi.