Amekuwa Namba Ngapi?

Khalati yangu hapa Changamwe alinipa ripoti ya bintiye wa gredi ya nne. "Hebu nisomee. Amekuwa namba ngapi?"

Hakuna namba, khalati. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Siku hizi mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini. Gredi ya sita kuna KPSEA, ya tisa KJSEA.

Akaguna. "Sasa nitajuaje kama anafeli?"

Swali la haki hilo. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza, anachokijua ni kununua manila na kuprinti tu.

Nikamwambia, mimi nilikuwa namba mbili darasa la nane, mkanichinjia kuku, na chuo nikaacha. Akacheka.

"Haya, hapa Hesabu 'anakaribia'. Karibu kiasi gani?"