Mtabiri na Pigo Moja

Tamaa ya kujua jambo kabla ya kutokea kwake ni ya kale kama binadamu mwenyewe. Mvuvi hutazama mawingu, mkulima hutazama upepo, na mfanyabiashara hutazama bei. Wote hutafuta dalili, kwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu si mvua. Baina ya dalili na jambo lenyewe pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo shamba la mtabiri: humo huvuna sifa, na humo huvuna aibu. Shamba hilo hulimwa kwa bidii kubwa katika besiboli, mchezo ambao Wamarekani wameupenda na kuuhesabu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Katika mchezo huo mtu mmoja hurusha mpira, na mtu wa upande wa pili husimama na gongo ili aupige. Mpira ukipigwa ukaruka hata ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu. Pigo hilo wenyewe huliita homurani. Hapa litaitwa pigo kuu. Kila mwaka, kabla msimu haujafunguliwa, huulizwa swali moja: katika timu 30 za ligi kuu, ni ipi itakayopata mapigo makuu mengi kuliko zote? Swali hili ni jepesi kwa ulimi, zito kwa akili. Majibu yake huwekewa fedha pia, hasa tangu mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitangua sheria iliyoyazuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo. Basi ajibuye vibaya huenda asipoteze maneno tu. Aweza kupoteza mshahara.

Zamani jibu lilikuwa karibu. Mwaka 1920 Babe Ruth wa New York Yankees alipiga mapigo makuu 54, na hapana timu nyingine katika ligi yake, American League, iliyofikia hesabu hiyo ya mtu mmoja. Mwaka 1927 alipiga 60, na mwenzake Lou Gehrig alipiga 47. Wawili hao walitoa 107 katika mapigo 158 ya timu nzima, na timu yao ikazipita zote. Siku hizo mtabiri aliyejua jina moja alijua karibu yote. Hapo ndipo ilipopata nguvu desturi ambayo haijafa: ya kumtazama shujaa na kuisahau timu.

Desturi hiyo ilipata mtihani mkubwa karibu karne moja baadaye. Mwaka 2017 Giancarlo Stanton alipiga mapigo makuu 59 akiwa Miami Marlins, na Aaron Judge alipiga 52 akiwa Yankees. Kisha Stanton akahamia Yankees, na majabali hao wawili wakavaa nguo moja. Na kweli, mwaka 2018 Yankees walipata mapigo makuu 267, wakaivunja rekodi ya 264 iliyowekwa na Seattle Mariners mwaka 1997. Lakini na litazamwe jinsi yalivyopatikana. Stanton alipiga 38, si 59. Judge alipigwa na mpira mwezi wa Julai akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono, akamaliza mwaka na 27, si 52. Utabiri ulitimia, na sababu zake hazikutimia. Aliyeridhika na matokeo hakujifunza neno. Aliyechunguza sababu alijua kuwa rekodi ile ilijengwa pia na wengi ambao majina yao hayakutajwa sana.

Mwaka 2019 fundisho lilikuja kwa ukali zaidi. Mtabiri mwenye kufuata nyayo za mwaka uliopita hakuwa na budi kuwachagua Yankees. Lakini majeruhi walifuatana kama mawimbi: kabla msimu haujesha, wachezaji 30 wa timu hiyo walikuwa wamepita katika orodha ya majeruhi. Stanton alicheza michezo 18 tu, akapiga mapigo makuu 3. Mwenye kumtegemea shujaa angalikata tamaa. Walakini wachezaji wa akiba waliingia wakapiga, na timu ikapata 306, hesabu ambayo mwaka wowote uliotangulia haukuiona. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo Yankees hawakuwa wa kwanza. Minnesota Twins walipata 307.

Mwaka uliotangulia Twins walikuwa na 166. Hawakuwa na Ruth wao. Walikuwa na watu watano ambao kila mmoja alipita 30, jambo ambalo hapana timu iliyokuwa imelifanya: Nelson Cruz 41, Max Kepler 36, Miguel Sanó 34, Eddie Rosario 32, na Mitch Garver 31. Cruz aliajiriwa muda mfupi kabla ya msimu huo, naye alitimiza miaka 39 msimu ukiendelea, umri ambao wapigaji wengi wamekwisha kuweka gongo chini.

Kwa nini mtabiri hodari hukosea? Sababu ya kwanza ni kwamba hesabu ya juu kabisa aghalabu hujengwa na mambo mawili, uwezo na bahati. Uwezo huelekea kurudi mwaka wa pili. Bahati haina ahadi. Mwingereza Francis Galton alieleza jambo la namna hii mwaka 1886, alipolinganisha kimo cha wazazi na cha watoto wao. Watoto wa watu warefu sana walikuwa warefu, lakini kwa kawaida hawakuwa warefu kama wazazi wao. Waswahili husema, aliye juu mngoje chini. Atlanta Braves waliifikia rekodi ya 307 mwaka 2023. Mwaka 2024, Ronald Acuña alipoumia goti mwezi wa Mei na wenzake kadha wakapungukiwa, walipata 213.

Sababu ya pili haimo katika watu bali katika vitu. New York Giants walipoweka rekodi ya 221 mwaka 1947, ukuta wa pembe ya kulia ya uwanja wao haukufika mita 80 kutoka kwa mpigaji. Na mwaka 2019 ligi nzima ilipata mapigo makuu 6,776, ilhali mwaka uliotangulia yalikuwa 5,585. Wanasayansi walioagizwa na ligi kuchunguza walieleza mwezi wa Desemba kuwa mpira wa mwaka huo ulizuiwa na hewa kidogo zaidi, na kuwa kimo cha mishono yake kilikuwa sehemu ya sababu. Mpira ulikuwa mmoja kwa wote, lakini faida yake haikuwa sawa kwa wote. Aliyehesabu watu akausahau mpira alihesabu nusu.

Sasa na wahukumiwe watu wawili. Mmoja alisema mwanzo wa mwaka 2019: ni Yankees, hapana wengine. Wa pili alisema: Yankees wana nafasi kubwa kuliko timu yoyote moja, lakini ndogo kuliko timu 29 zilizobaki zikiwekwa pamoja. Wote wawili waliwataja Yankees, na wote wawili walipitwa kwa pigo moja. Lakini hawakukosea sawasawa. Wa pili alisema kweli juu ya kiasi cha ujuzi wake, na kweli hiyo ingalibaki kweli hata kama Yankees wangalishinda. Wa kwanza alidai ujuzi asiokuwa nao, na hata ushindi usingaliweza kumpa. Kama aliuweka mshahara wake wa mwezi katika dai hilo, na nyumba yake ikakosa unga, si pigo la Twins lililowanyima watoto chakula, bali yale maneno mawili: hapana wengine.

Yankees waliongoza mwaka 2024 kwa mapigo makuu 237, wakaongoza tena mwaka 2025 kwa 274. Mwenye kuwataja kwa mwaka unaofuata ana sababu njema. Kinachobakia kwake ni kuitaja pamoja na kipimo chake, na kuziachia timu nyingine nafasi yao.